Hayumo

Jioni moja ya Oktoba mama mmoja alinijia nyumbani na karatasi iliyokunjwa mara nne. Ndani yake mlikuwa na jina la mwanamume, limeandikwa kwa herufi kubwa na mkono wa mtoto wa shule. "Mwalimu," aliniambia, "wanasema hapa serikali iko na kitabu cha watu wanaoharibu watoto. Unitafutie kama huyu iko ndani."

Majina ya watu na ya mji sitayataja. Yatosha kusema kwamba tunaishi katika kaunti ya mashambani jimboni Iowa, katikati ya Marekani, penye mahindi na soya hadi upeo wa macho, na barabara za kokoto zinazokatana kila baada ya maili moja kama mistari ya daftari la hesabu. Kiwanda cha nyama ndicho kilichowavuta huku wasemaji wa Kiswahili: Wakongo wengi, Warundi, Watanzania wachache. Mama huyo kwao ni Fizi, Kivu ya Kusini. Alikulia Nyarugusu, katika kambi ya wakimbizi iliyoko Kasulu, na Kiswahili chake kina ladha ya kingo zote mbili za Ziwa Tanganyika. Mimi kwetu ni Tanga. Mchana nafundisha watu wazima Kiingereza, jioni nafasiri panapohitajika, na ndiyo maana hata wanaonizidi umri huniita mwalimu.

Yeye hufanya kazi zamu ya pili, kuanzia saa tisa alasiri hadi karibu na saa sita za usiku. Watoto wake wawili, msichana wa miaka kumi na mdogo wake wa kiume, hushuka kwenye basi la shule saa kumi kasorobo. Mwenye jina lile alikuwa mtu wa kwao, mwenye sala nyingi na sauti ya upole, ambaye watoto walimwita baba mkubwa ingawa hakuwa ndugu wa damu. Alikuwa ameumia bega kiwandani na kupumzishwa kazi, basi akajitolea kuwapokea watoto na kukaa nao hadi mama arudi. Hakutaka malipo. Mama alishukuru, kisha akakaa siku tatu bila usingizi mzuri, kisha akaja kwangu.

Daftari alilolizungumzia lipo kweli, na liko wazi kwa mtu yeyote mwenye simu. Kila jimbo la Marekani lina lake. Huku kwetu aliyehukumiwa hujiandikisha kwa sherifu wa kaunti anamoishi, na hurudi huko kuthibitisha anwani yake: wengine mara moja kwa mwaka, wengine mara mbili, na wenye makosa mazito kila baada ya miezi mitatu. Juu ya madaftari hayo ya majimbo ipo tovuti ya taifa inayoyapekua yote kwa pamoja. Tovuti hiyo imepewa jina la Dru Sjodin, mwanafunzi wa chuo kikuu aliyetekwa na kuuawa mwaka 2003, baada ya kutoweka katika mji mmoja wa North Dakota. Nimeona kwamba Wamarekani huzipa sheria za namna hii majina ya watoto na vijana waliouawa: Jacob, Megan, Adam. Sheria zetu hubeba jina la kosa. Ya Tanzania ya mwaka 1998 ni ya makosa ya kujamiiana. Ya Kenya ya mwaka 2006 ni ya makosa ya kingono. Akitamka jina la sheria, Mmarekani humtaja marehemu. Sisi hulitaja tendo, tena kwa sauti ya chini.

Kabla ya kuingia unatakiwa kukubali masharti. Nilikubali bila kuyasoma, kama tufanyavyo wengi wetu. Nikaandika jina la ukoo, nikaandika jina la kwanza. Nikabadili tahajia, kwa kuwa majina yetu hupitia mikononi mwa makarani wengi, kambini, uwanja wa ndege, ofisi ya leseni, na mtu mmoja aweza kuwa na R katika karatasi moja na L katika nyingine. Nikaliweka jina la kwanza mahali pa ukoo. Nilijaribu mara nne, mara tano. Jibu likawa lilelile, kwamba hakuna aliyepatikana.

"Hayumo," nikasema.

Mama alishusha pumzi ndefu, akaikunja karatasi kwa mikunjo yake ileile, akaitia kifuani. Nilimwona mabega yakilegea. Nakiri kwamba nilifurahi. Mfasiri hapati mara nyingi kuwa mleta habari njema.

Laiti angeondoka hapo. Lakini alikuwa na siku ya mapumziko, na mashine ilikuwa bado wazi mbele yetu. Akauliza, "Na wale walio ndani, ni akina nani?"

Niliandika anwani yake na kuchagua duara la maili moja. Mjini maili moja ni maelfu ya watu. Huku maili moja ni mahindi. Hapakuwa na mtu. Nikapanua duara, nikalipanua tena, hadi alama zikaanza kujitokeza moja moja. Hazikuwa katikati ya mji. Zilikuwa pembeni: nyumba ya kuhamishika kando ya barabara ya kokoto, moteli kuukuu karibu na njia kuu, banda lililogeuzwa makazi.

Pembeni huko kuna historia. Mwaka 2002 Iowa ilipitisha sheria ya kuwakataza waliohukumiwa kwa makosa dhidi ya watoto wasiishi ndani ya futi 2,000, kama mita 600 hivi, kutoka shule au kituo cha kulelea watoto. Sheria ikapingwa mahakamani, na mwaka 2005 mahakama ya rufaa ya shirikisho ikaiacha isimame. Katika mji mdogo, shule moja yatosha kuufanya mji mzima kuwa mahali pa marufuku. Kinachobaki ni mashamba. Mwaka 2006 waendesha mashtaka wa kaunti za Iowa wenyewe, kupitia chama chao, walitoa tamko kwamba katazo hilo haliwalindi watoto kama lilivyokusudiwa, na mwaka 2009 likapunguzwa makali. Nasi wageni, kwa kufuata kodi nafuu, tumepanga pembeni humohumo. Mama alilielewa hilo upesi kuliko mimi. "Kumbe wametuweka pamoja," akasema.

Nikafungua picha. Mmoja nilimfahamu uso: ndiye anayenibadilishia matairi kila Novemba kabla ya theluji, mtu mkimya asiyeinua macho, ambaye siku zote nilidhani ni mwenye haya. Wa pili uso wake ulikuwa mgeni kwangu, lakini jina lake la ukoo nililijua. Jina la mtoto aliyetendewa haliandikwi katika madaftari haya, sheria inalikataza. Ila ukurasa ulitaja kosa, ulitaja mwaka, na katika kaunti ambayo ukoo huo una nyumba mbili tu, hesabu ilijifanya yenyewe kichwani mwangu kabla sijaizuia. Mtoto huyo sasa ni mwanamke mzima. Hunihudumia dirishani mahali ninapopita kila wiki. Nilifunga ukurasa kwa haraka, lakini jambo likishajulikana halifungiki. Tangu siku hiyo ninampa pesa na kupokea chenji yangu nikijua kitu ambacho hakuniambia. Daftari lililoandikwa kumlinda lilikuwa limeniambia siri yake, mimi, mgeni niliyekuja kutafuta jina jingine kabisa. Sidhani jambo hili hutokea Chicago. Huku majina ni machache, na kila jina ni njia ya kwenda kwenye nyumba fulani.

Mama hasomi Kiingereza. Akataka nimwambie kila mmoja alifanya nini, na hapo ndipo ufasiri uliponishinda.

Nilianza na *wabakaji*. Si kweli kwa wote, kwa kuwa kubaka ni kosa moja kati ya mengi yaliyomo. *Wakosaji* ni laini mno. Hata aliyechelewa kazini ni mkosaji. Nikasema *wahalifu wa ngono*, naye akaniuliza ngono iko wapi hapo, maana ngono ni ya watu wawili. Sikuwa na jibu, na hadi leo sina. Tunaliandika neno hilo magazetini kila siku, na mama asiyesoma amelitoboa kwa swali moja.

Makosa yenyewe yalikuwa magumu zaidi. Kenya husema *unajisi*. Lakini najisi ni neno la fikihi, jina la uchafu unaomzuia mtu asiswali mpaka ajitoharishe. Ukisema mtoto amenajisiwa, umeshamwambia kwamba uchafu umebaki kwake. Watu wa kawaida, Tanga hata Fizi, husema *ameharibiwa*; na kilichoharibika tunajua hufanywa nini. Zanzibar hupenda *udhalilishaji*, ambako aliyetendewa ndiye anayetoka akiwa dhalili. Tanzania Bara mna *shambulio la aibu*, nami kila nikilifasiri hujiuliza aibu hiyo ni ya nani. *Kulawiti* nako kumetokana na jina la Nabii Lut. Maskini yeye, aliyekuwa akiwakataza watu wake, ndiye aliyebakiwa na jina. Nimepata neno moja tu linalokaa upande wa mtenda, nalo ni *ukatili*. Katili ni yeye aliyefanya. Mtoto hapakwi kitu. Lakini ukatili ni mpana mno, humwenea hata ampigaye punda.

Nilipomaliza kupapasa hivyo niliona jambo ambalo sikuwa nimeliona katika miaka yote ya kufundisha sarufi. Tunapozungumza habari hizi, karibu daima tunatumia kauli ya kutendwa. Ameharibiwa. Amebakwa. Ameingiliwa. Sentensi imekamilika, ina nukta mwishoni, na hakuna aliyefanya. Ukitaka kumtia mtenda ni lazima uongeze *na fulani*, na hapo ndipo watu hukohoa. Daftari la Iowa ni kinyume chake: lina mtenda mwenye picha, urefu, uzito na rangi ya macho, na halina mtendwa. Lugha mbili, kila moja na nusu yake ya sentensi.

Basi nikamwambia mama, huyu alimfanyia mtoto ukatili, na huyu pia, na huyu. Akatikisa kichwa. Akaondoka akiwa na hakika ya jambo moja, kwamba jina alilolileta halikuwa miongoni mwa hayo.

Wiki ya pili ya Januari alinipigia simu akiwa katika mapumziko ya zamu. Nyuma yake nilisikia minyororo ya kiwanda ikikokota. Binti yake alikuwa amesema asubuhi ile kwamba hataki tena kushuka kwenye basi pale. Hakutoa sababu. "Nikamwambia," mama alisema, "usinisumbue, mwalimu alitazama, hayumo."

Alilitamka neno kwa matamshi yangu ya Tanga. Kwa Kiswahili chake mwenyewe angesema *haiko ndani*. Alikuwa amelichukua kwangu zima zima, kama mtu achukuavyo dawa ya hospitali asiyoijua jina, akaenda nayo nyumbani, akampa mtoto.

"Akasema nini?" nikauliza.

"Akanyamaza."

Na kunyamaza huko ndiko kulikomfanya apige simu. Alisema hakikuwa kimya cha mtoto aliyeshindwa ubishi. Alikuwa amekijua kimya cha namna ile zamani, wakati wa vita, kwa watu wazima.

Nilimwambia awatoe watoto pale siku ileile. "Hata kama hayumo?" akauliza. Nikasema hata kama hayumo. Msimamizi wake hakumpa ruhusa ya kuondoka, akaondoka. Mimi nikatangulia kusimama kwenye kituo cha basi katika baridi ya kukata masikio, nikawapokea watoto wote wawili, nikawapikia uji wa mahindi. Asubuhi yake tulikwenda pamoja shuleni, kwa mshauri wa wanafunzi, ambaye kwa sheria za huku hana hiari: akishuku jambo kama hilo ni lazima aliripoti. Yaliyofuata ni ya mtoto, si yangu, na sitayaandika. Yako mikononi mwa watu ambao kazi yao ni kumsikiliza.

Langu ni lile neno. Nilipolitamka nilikuwa nimesema kweli tupu. Jina halikuwemo. Lakini *hayumo* haiishii kwenye karatasi. Mtu husema hayumo katika wizi ule, hayumo katika fitina hizo, akimaanisha ametakasika. Nilijua hivyo, ni lugha ya mama yangu, na sikuongeza hata sentensi moja.

Usiku ule nilisoma kuhusu daftari hili nililokuwa nimelipekua kwa kujiamini. California ilikuwa na la kwanza la jimbo zima tangu 1947, kwa ajili ya polisi. Sheria ya taifa ilikuja mwaka 1994, kwa jina la Jacob Wetterling, mvulana wa miaka 11 aliyetekwa tarehe 22 Oktoba 1989 karibu na St. Joseph, Minnesota, jimbo linalopakana na letu, akirudi nyumbani kwa baiskeli pamoja na mdogo wake na rafiki yao. Ilikuwa barabara ya mashambani kama zetu. Mama yake, Patty Wetterling, ndiye aliyeipigania sheria ile. Mabaki ya mwanawe yalipatikana mwaka 2016, katika shamba karibu na Paynesville, baada ya mtu mmoja kukiri. Mtu huyo alikuwa wa eneo lilelile, na wapelelezi walikuwa wamemhoji ndani ya miezi michache ya kwanza. Miaka mingi kabla ya hapo, mama yule alikuwa ameanza kuhoji hadharani jinsi sheria hizo zilivyotanuka na kuwabana hata wasiofanana na aliyemchukua mwanawe.

Nikasoma pia ripoti ya Wizara ya Sheria ya Marekani ya mwaka 2000, iliyochambua kesi zilizofika polisi katika majimbo 12. Kati ya walioshambuliwa wakiwa chini ya miaka 18, asilimia 34 walishambuliwa na watu wa familia, asilimia 59 na watu waliofahamiana nao, asilimia 7 na wageni. Hizo ni zilizofika polisi. Daftari, kwa hiyo, ni orodha ya walioripotiwa, wakakamatwa, wakashtakiwa, wakahukumiwa. Kila hatua ina mlango, na mbele ya mlango wa kwanza amesimama mtoto anayepaswa kusema neno ambalo hajafundishwa.

Wazo la daftari si geni kwetu. Sheria ya Kenya ya 2006 inamtaka Msajili wa Mahakama Kuu kutunza la waliohukumiwa, liweze kukaguliwa na mwenye sababu ya maana. Lakini kabla ya daftari lolote la serikali, sisi tulikuwa na la midomoni, nami nililelewa ndani yake.

Mtaani kwetu Tanga, nilipokuwa na miaka tisa, palikuwa na fundi wa redio. Alikuwa mcheshi, mwenye kutoa peremende, na kibaraza chake kilikuwa na kivuli kizuri. Kina mama walituambia, "Msipite kwa fundi peke yenu, ana mbwa mkali." Tulilishika. Tulizunguka njia ya mbali saa za adhuhuri, tukikimbia, tukihisi meno nyuma ya visigino. Nilikuwa mtu mzima, niko chuoni Dar es Salaam, siku nilipokumbuka ghafla, ndani ya daladala, kwamba fundi hakuwa na mbwa. Hakuna mtu mtaani kwetu aliyekuwa na mbwa. Sisi ni Washafii, na kwetu mbwa ni najisi. Kina mama walilichagua neno lao wakijua walitoako.

Sisi tunaopenda mashairi hulienzi fumbo. Husema kwamba humfumba mjinga, na mwerevu huligangua. Mtoto wa miaka tisa tumweke kundi gani? Fumbo lile lilinilinda, sikatai. Liliwalinda wengi. Lilimlinda na fundi pia, kwa kuwa ilikuwa rahisi kwa mtaa mzima kumsingizia mbwa kuliko kumtaja yeye. Aliendelea kutengeneza redio zetu. Alikula pilau katika harusi zetu.

Na mwenzetu mmoja hakuogopa mbwa. Alikuwa msichana jasiri, aliyekulia shamba, akijua kuwafukuza kwa jiwe. Niliwasikia watu wazima baadaye wakizungumza uani, nami nimejifanya nimelala, na sentensi moja haijanitoka: "Si tulimwambia kuna mbwa?"

Kwa miaka mingi nilidhani tofauti kati ya Tanga na Iowa ni kwamba kule watu hufumba na huku huanika. Nilikuja na dharau kidogo kwa wale kina mama, lazima niseme. Kisha nikafungua tovuti ya serikali yenye picha na ramani, nikatoka nayo na neno moja safi, la wazi kabisa, nalo likafanya kazi ileile iliyofanywa na mbwa. Mtoto alijaribu kusema, akajibiwa kwamba aliambiwa.

Mwezi Machi nilianza kuandika karatasi ya nusu ukurasa kwa ajili ya familia zetu, inayoeleza daftari ni nini na jinsi ya kulisoma. Nilikuwa nimeombwa muda mrefu, nikachelewa kwa kuogopa maneno. Mama yule alikuja siku yake ya mapumziko, safari hii na watoto. Amebadili zamu, sasa hutoka alfajiri na kurudi kabla ya basi. Mvulana alilala kwenye kochi. Msichana alikaa upande wa pili wa meza ya jikoni na hesabu zake za sehemu, akifuta na kuandika.

Nilimsomea mama sentensi niliyojivunia: "Jina lake halikuonekana katika daftari hili kwa siku ya leo."

"Ni refu," akasema. "Mutu akitoka kazi hawezi kubeba yote hiyo."

Nikajaribu nyingine: "Kutokuwamo si kutokuwa na hatia." Hiyo alicheka. Aliniuliza kama naandikia watu au naandikia mahakama. Nikaifuta. Nilikuwa na nyingine tatu za aina hiyo, zote sahihi, na zote zikaanguka moja baada ya nyingine.

Alinyamaza akizungusha kikombe cha chai. Halafu akasema, "Andika tu: pale hawamujue."

Hawamjui. Nililitazama neno hilo kwa muda. Mtu bado ni yuleyule, yuko nje na mambo yake yote. Kinachopungua ni ujuzi wa wenye daftari. Halimtakasi, halimhukumu. Nalo linaacha mahali pa swali la pili, kwamba kama hao hawamjui, nani anamjua. Nilitaka kulisanifisha, niandike *hawamjui* kwa tahajia ya vitabu. Mama akasema wenye kuisoma ni watu wake. Nikaliacha na u yake.

Ilibidi liandikwe kubwa juu ya ukurasa, na mwandiko wangu ni mbaya. "Mupe huyu," mama akasema. "Yeye ndiye anaandikaka vizuri." Msichana alisogeza hesabu zake pembeni, akachukua kalamu nene, akaandika kwa herufi kubwa, taratibu, ulimi ukiwa umetokeza kwenye kona ya mdomo: PALE HAWAMUJUE. Mwandiko niliutambua. Ndio ulioandika jina lile kwenye karatasi ya Oktoba, iliyokunjwa mara nne, nami sikuuliza ni nani aliyeliandika, wala alijuaje kwamba ni hilo la kutafutwa.

Aliponirudishia kalamu aliniuliza kama ametumia nafasi kubwa mno. Nilimwambia hapana, imetosha. Nikapunguza maelezo yangu ya chini ili yaenee.